Nyasi za Dolphine

Bissil, Kajiado
9 Oktoba 2022

Kwa Pakiteng' wangu, Mwalimu Wanjala,

Sopa. Na kwa lugha ya kwenu, mulembe. Natumaini ule mguu wako umeacha kuvimba na unalala vizuri. Sisi hapa tuko hai, na kwa mwaka huu hiyo ni habari kubwa.

Kabla ya mambo mengine, ujue unaandikiwa na mtu aliyemaliza Biblia. Yote. Kutoka Mwanzo mpaka Ufunuo, pamoja na wale watu wa katikati ambao kazi yao ni kuzaana tu. Kwa hivyo ukitaka kunijibu kwa mistari, jipange.

Sawa, si yote. Tabitha anasoma juu ya bega langu na amekohoa kile kikohozi cha mke. Nimemaliza Ruthu, kwa sababu ni fupi na iko na mambo ya shamba. Yona nilifika pale samaki anamtapika nikafunga kitabu, maana mimi mwenyewe najua kutapikwa. Hayo mengine nimeyasikia kanisani kati ya usingizi mmoja na mwingine. Lakini wewe ndiye ulinifundisha a e i o u nikiwa bawabu wa shule yenu, kwa hivyo kama nimesoma kidogo, lawama ni yako.

Naandika kwa karatasi kwa sababu umenifungia namba. Usikatae. Nikikupigia, yule msichana wa simu ananiambia hupatikani. Nthambi, yule mama wa nyanya anayetoka Loitokitok akipeleka mzigo soko la Kitengela, alikupigia akiwa amesimama hapa ubavuni mwangu, na ukaitika kabla simu haijalia vizuri. Basi. Karatasi haifungiwi. Na Nthambi ameapa ataiweka mkononi mwako, na unajua mkono wake ulivyo mzito.

Sasa maneno yenyewe. Kijana wangu Ledama bado yuko rumande hapa Kajiado. Mwezi uliopita nilimtuma na ng'ombe huko kwenu kwa sababu huku ardhi imebaki kama kichwa changu, haina kitu. Walitembea mpaka Kitengela wakila kando ya barabara. Mugie, yule wa kahawia, akanusa kijani ndani ya ploti yako, akasukuma geti ya mabati, na wengine wakamfuata kama washirika nyuma ya askofu. Ledama aliingia kuwatoa. Wewe ukaita polisi. Hiyo ndiyo habari niliyo nayo, na nimeigeuza kila upande sioni mahali inafaa.

Dhamana wanataka cheti cha shamba, na shamba letu bado halijagawanywa, cheti ni kimoja cha ukoo mzima na wazee wanagombana nani akalie. Bila Ledama hakuna wa kupeleka ng'ombe Illasit, kule wanaomwagilia mboga, ambako wangepata hata mabua ya mahindi. Magoti yangu hayafiki Illasit. Magoti yangu siku hizi hayafiki chooni bila mjadala.

Wewe ndiye mlalamishi. Ukisema neno moja, anatoka. Sema, Pakiteng'.

Tabitha hakusalimii. Amesema niandike hivyo.

Ni mimi,
Pakiteng' wako, Sankale


Kitengela
18 Oktoba 2022

Kwa Mzee Sankale,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Barua yako nimeipokea kutoka kwa Bi. Nthambi. Afya yangu ni njema, ahsante kwa kuuliza. Namwombea Mama Tabitha pia.

Sitazunguka. Umetaka mistari, basi fungua Kutoka, sura ya ishirini na mbili. Mtu akiacha mnyama wake ale katika shamba la mwenziwe, atalipa kwa mazao mazuri ya shamba lake mwenyewe. Sheria hiyo haikuandikwa na serikali ya Kenya. Iliandikwa kwa ajili ya wafugaji kama wewe. Haki ni haki, Mzee, hata ikiwa kali, na mimi ni mzee wa kanisa, siwezi kufundisha watu jambo moja na kutenda jingine kwa sababu ya urafiki.

Lakini nisikufiche, si mahindi yanayoniuma.

Unamkumbuka Dolphine. Ulikula ugali wake na ukamtania kwamba unatosha kujengea nyumba. Alipoanza kuugua, alipanda nyasi mbele ya nyumba hii kwa mkono wake, shina baada ya shina, akiwa amekaa juu ya ndoo kwa sababu hakuweza kusimama. Mwaka jana tulimzika nyumbani Bungoma, kama ilivyo desturi yetu. Hapa sina kaburi la kusimama kando yake. Nina nyasi zile. Kila asubuhi nazimwagia maji niliyoogea. Majirani wananunua maji ya kupikia na wananiona nikimwaga yangu chini, nao hawasemi kitu kwa sababu wanajua.

Ng'ombe ni mnyama, hajui. Kijana wako anajua. Nilipotoka na rungu hakukimbia. Hakusema samahani. Aliinama, akang'oa konzi ya nyasi za Dolphine pamoja na mizizi yake, akanyoosha mkono mbele ya uso wangu, akanitazama. Mbele ya majirani wote. Kama mtu anayesema: hizi hapa nimeng'oa, utanifanya nini?

Mahindi ningesamehe. Sukuma wiki ningesamehe. Hilo la nyasi siwezi. Nimejaribu kwa magoti, siwezi.

Wako,
Mwl. P. Wanjala


Bissil
27 Oktoba 2022

Pakiteng',

Sopa tena. Natumaini umeamka salama. Mimi sikuamka kwa sababu sikulala.

Nimeona umetia sahihi kama unaandikia afisa wa elimu. Mwl. P. Hata sikujua uko na P. Mimi nitaendelea kukuita Pakiteng' mpaka ng'ombe uliyenipa arudi tumboni mwa mama yake.

Kwanza, pole. Ya Dolphine tulilia wote, lakini ya nyasi sikujua. Nimemsomea Tabitha pale pa kukaa juu ya ndoo, akasema: mwambie sasa namsalimia.

Pili, ile Kutoka yako. Inasema nilipe, haisemi kijana afungwe. Na niko tayari kukulipa kwa yaliyo mazuri ya shamba langu. Niko na vumbi nzuri. Niko na mifupa aina mbili, ya jana na ya leo. Chagua.

Sasa weka hiyo miwani vizuri, wewe mtu wa vyeti, unisikilize.

Ledama hakukutukana. Ledama alikuwa anakuomba.

Kwetu mtu akikosa, au akiona rungu inakuja, anang'oa nyasi na kuinyoosha mkononi. Haongei. Nyasi ndiyo inaongea. Nyasi ni chakula cha ng'ombe na ng'ombe ni maisha yetu, kwa hivyo anayekunyooshea nyasi anakuambia: kwa ajili ya hiki kinachotulisha sisi wote, usinipige. Na mwenye rungu lazima ashushe. Hata kama ni adui. Hata kama amelewa. Kijana alitafuta nyasi ya kukuombea. Kutoka Bissil mpaka Kitengela, Mwalimu, nyasi ilikuwa wapi? Ilikuwa kwako tu. Alikuomba kwa kitu kimoja kibichi kilichobaki katika Kajiado nzima.

Utasema hukujua. Nataka nikukumbushe, maana uzee umekula kichwa chako kama mchwa.

Ulikuwa kijana, suruali yako iko na mstari wa pasi unaoweza kukata mkate. Ulimchapa yule mtoto wa kina Muntet mpaka mkono ukavimba kwa sababu hakujua mito ya Ulaya. Baba zake wakaja na rungu, wote, na mimi peke yangu nimeshika geti. Geti ikaanguka. Nikakupigia kelele: Mwalimu, ng'oa nyasi! Ukaniangalia kama mtu amerukwa na akili. Nikapiga kelele tena. Ukapiga magoti ukang'oa kwa mikono miwili, na udongo, na jani la sijui nini, na nafikiri mende mmoja. Ukainua juu ukitetemeka. Nao wakasimama. Yule mkubwa wao akatema mate chini, akasema, basi, na wakarudi nyumbani.

Pakiteng', hata mmoja wao hakukuuliza hizo nyasi ni za nani.

Baadaye uliniletea mtamba kwa kamba, ukiwa unavutwa wewe badala ya kuvuta yeye, ukasema huyu ni wa asante. Ndiyo tukaanza kuitana Pakiteng', watu waliopeana ng'ombe. Nyanya yake Mugie ni mtoto wa mtamba ule. Kwa hivyo aliyevunja geti yako ni mjukuu wako. Umefungisha mjomba wake.

Kuna yule mtumwa wa Bwana Yesu aliyesamehewa deni kubwa kama mlima, akatoka nje akamshika mwenzake koo kwa kadeni kadogo. Tabitha anasema ni Mathayo kumi na nane. Mimi si mzee wa kanisa, mimi ni mzee wa kawaida, kwa hivyo sikuhubirii. Nakuuliza tu kama rafiki: ukisoma hapo, unaona uso wa nani?

Kesi inatajwa mwezi wa kumi na mbili mwanzoni. Njoo.

Pakiteng' wako,
Sankale


Bissil
8 Desemba 2022

Pakiteng',

Natumaini uko mzima. Ningependa usiwe mzima sana. Ningependa ulale kidogo na tumbo linalouma.

Hukuja. Karani akaita jina lako, akaliita tena akiwa ametoa kichwa nje ya mlango, na sisi wote tukageuka. Hakimu akasema mlalamishi hayupo, iahirishwe mpaka Februari. Labda huko Kitengela ulijiambia, nisipokwenda nimewasaidia. Kutokuja kwako si msamaha. Kutokuja kwako ni kufuli tu, umefunga na kutembea na ufunguo.

Ledama alipogeuka, hakuwa ananitafuta mimi. Alinipita na macho kama nguzo. Alikuwa anakutafuta wewe. Waliponiruhusu niongee naye kidogo aliniambia hivi, naandika kama alivyosema, sijaongeza chumvi: "Baba, nilimnyooshea na hakupokea. Labda nilishika vibaya. Labda ilitakiwa mikono miwili."

Kijana ana ndevu na anafikiri amefungwa kwa sababu ya mkono mmoja.

Nilimwambia alishika vizuri. Niliposema hivyo sauti ilitoka kama ya mbuzi.

Nthambi anasema barua yangu ya pili ulipokea getini, ukaifungua, ukaigeuza, ukaiweka mfukoni, ukanunua nyanya ambazo hukuhitaji. Sijui kama uliisoma. Kama hukuisoma, isome. Kama uliisoma, basi sijui niandike nini kingine, maana nilikuwa nimeweka yote hapo.

Ng'ombe wanaisha. Fisi wamenenepa mpaka wanatembea mchana bila aibu, wanakaa mlangoni kama wapangaji. Nilijaribu kuwapeleka Illasit mwenyewe. Tulifika kwenye mto mkavu hapa mbele, nikaanguka, na Mugie akasimama juu yangu akinipa kivuli. Tabitha alitukuta hivyo. Alisema tunafanana.

Kanisani mhubiri amesema tungoje Bwana. Nilisimama, unanijua, nikamwuliza: tungoje tukiwa tumekaa au tumelala? Watu wakacheka, naye akakasirika. Lakini sikuwa namtania. Nilitaka kujua. Ayubu alikuwa na marafiki watatu wa kumchosha kwa maneno. Mimi niko na mmoja, na amenyamaza, na naapa ningemchukua hata yule mbaya kuliko wote wa Ayubu, mradi aseme kitu.

Unamkumbuka yule mjane wa Biblia aliyemsumbua kadhi mpaka kadhi akachoka? Ni mimi. Nimeota tu ndevu.

Pakiteng' wako, upende usipende,
Sankale


Bissil
2 Januari 2023

Pakiteng',

Mwaka mpya. Sina salamu ndefu.

Amebaki Mugie. Hasimami mwenyewe. Asubuhi tunamwinua kwa miti, mimi mbele na Tabitha nyuma, na jirani Muteti akiwepo anashika mkia. Siku moja hatutaweza.

Leo sina utani. Nimetafuta sijapata. Sasa ujue ni mbaya.

Sankale


Kitengela
19 Januari 2023

Kwa Sankale,

Salamu. Sijui nianze vipi kuuliza hali yenu wakati najua hali yenu, na sehemu yake imetoka kwangu. Nauliza hata hivyo. Mko vipi?

Barua zako zote nilizisoma. Ile ya pili ya Oktoba niliisoma nikiwa bado nimesimama getini, ndiyo maana nilinunua nyanya; nilihitaji kitu cha kufanya na mikono. Halafu nikaiweka chini ya Biblia, na kwa wiki nyingi sikuigusa barua wala Biblia. Kanisani nilisema macho yananisumbua.

Mwezi Desemba nilikuja. Nilifika Kajiado mapema. Nikaketi kwenye hoteli iliyo mkabala na korti, nikaagiza chai, nikaona wewe na Mama Tabitha mkiingia. Ulikuwa umevaa lile koti langu la zamani. Chai ikapoa. Nikarudi Kitengela.

Jumapili iliyopita zamu ya kusoma neno ilikuwa yangu, na somo ndilo hilo, Mathayo kumi na nane. Sikulichagua, lilikuwa kwenye ratiba. Nikasoma vizuri mpaka pale mtumwa anapomshika mwenzake koo, na mwenzake anaanguka miguuni akisihi. Nikaona mkono ulionyooshwa. Sankale, siku ile sikuuona mkono. Nakuambia kweli. Niliona nyasi za Dolphine zikining'inia na mizizi yake inadondosha udongo, nikaona kama amechimbuliwa yeye. Nyuma ya nyasi kulikuwa na kijana anayetetemeka, na mimi, ambaye niliwahi kutetemeka hivyo hivyo na mende mkononi, sikumwona. Nikafunga kitabu kabla somo halijaisha. Mama mmoja akaanzisha wimbo ili kunisitiri.

Nimekwenda kituo cha polisi kusema nataka kuondoa malalamiko. Wameniambia jambo likishafika kortini, nisimame mbele ya hakimu siku ya kesi. Nitasimama. Safari hii sitakunywa chai.

Namba yako nimeifungua.

Hakimu simwogopi. Namwogopa Ledama. Nimefundisha watu maisha yangu yote kwamba neema hupokelewa bure, na sasa nataka kuipokea kwa kijana niliyemfungisha, na naona si bure hata kidogo. Je, akikataa?

Wanjala


Bissil
14 Februari 2023

Pakiteng',

Sopa, sopa, na mulembe mpaka uchoke. Habari ya mguu? Nilikuona unachechemea ukiondoka, na ulikuwa unakimbia. Mtu wa kuchechemea na kukimbia pamoja nilikuwa sijaona.

Asante kufungua namba. Simu niliiuza Desemba nikanunua nyasi kavu, mzigo mmoja, ambao nusu ulikuwa miiba. Kwa hivyo tuko na karatasi mpaka mmoja wetu afe.

Najua ulikuwepo kortini. Lakini ulikuwa umeinamisha kichwa kama mtoto wa kina Muntet, kwa hivyo acha nikwambie ambayo hukuona.

Uliposema unaondoa malalamiko, hakimu alianza kuandika. Yeye alifikiri umemaliza. Ukaingiza mkono ndani ya koti ukatoa kitu kimefungwa kwa gazeti, na askari wa pale kando akashika mkanda wake, maana uso wako ulikuwa wa mtu anayetoa bomu. Ukafungua. Kijani ile, Pakiteng'. Watu wa benchi za nyuma wote wakanusa. Mzee mmoja kando yangu, simjui, alifunga macho.

Hakimu akasema, "Mwalimu, hiyo ni nini?"

Ukasema, "Ni nyasi, mheshimiwa."

"Naona ni nyasi. Za nini?"

Hapo ukageukia kizimba. Ukanyoosha mikono yote miwili kwa kijana. Ni yule mzee nisiyemjua aliyejibu kwa niaba yako. Alisema kwa sauti kubwa, kama anaita ng'ombe: "Anaomba amani, mama. Ngojeni."

Na hakimu akangoja. Aliweka kalamu chini. Hiyo hukuiona.

Ledama pia hukumwona, kwa hivyo nitakuambia ukweli, kwa sababu uliniuliza akikataa itakuwaje. Alitaka kukataa. Namjua shingo yake tangu akiwa wa kubebwa. Shingo ilisema hapana. Aliangalia nyasi, akaniangalia mimi, akamwangalia mama yake. Mimi nilitaka kumkonyeza nikashindwa, jicho lilikuwa limejaa. Halafu akaona mizizi. Wewe hukukata hizo nyasi, ulizing'oa. Ulimng'oa Dolphine wako kwa mkono wako mwenyewe ukamletea. Nafikiri ndipo shingo ikalegea. Akatoa mikono yote miwili. Miwili, Mwalimu. Ulikuwa unafikiri anakuheshimu. Alikuwa anarekebisha makosa ya kushika.

Hakimu akasema yuko huru; tukageuka kukutafuta, ukawa umeshatoka mlangoni, tukaona mgongo tu.

Alizibeba hizo nyasi mpaka nyumbani kifuani. Hatukumwambia kabla kuhusu ng'ombe. Nilikuwa nimepanga hotuba. Tulipofika aliangalia boma, akaangalia tena, akaniuliza, "Wako malishoni?" Hotuba yote ikanitoka. Tabitha akamshika mkono akampeleka kwa Mugie, ambaye alikuwa amelala pale kivulini na macho nusu.

Ledama akapiga magoti kumsalimia. Na sasa ndiyo aibu ninayotakiwa kukueleza. Mugie akatoa ulimi, ule mrefu wa babu zake, akazoa amani yako yote kutoka kwa mkono wa kijana, na mizizi, na kipande cha gazeti chenye picha ya mheshimiwa fulani, akaanza kutafuna.

Tabitha akapiga kelele, "Amekula msamaha!" Akacheka mpaka akakaa chini. Sijasikia kicheko hicho tangu mvua ikatae. Halafu kikageuka katikati kikawa kilio, na Ledama akakaa kando yake, na mimi nikaenda kutazama ua, ambao haukuwa na lolote la kutazamwa.

Usifikirie nakuletea muujiza wa kutangaza Jumapili. Hakusimama. Alijaribu miguu ya mbele, akaanguka. Leo asubuhi tulimwinua tena, na Ledama sasa ndiye yuko nyuma, lakini miti inatetemeka kuliko jana. Mawingu yanakuja kila alasiri, yanatuangalia, yanaenda Tanzania. Tunaomba sala ile ya riziki ya leo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu naisema nikimaanisha kila neno, hasa leo. Kesho sijaitaja mbele ya Mungu. Naogopa ataniuliza nani amekuambia kuna kesho.

Na nafikiria hivi. Huyu akienda, ng'ombe wako ameisha kwangu. Tutaitana nini? Sankale na Wanjala, kama watu waliokutana kwa foleni ya benki? Mimi ni mzee sana kuanza kukuzoea kwa jina la P.

Kwa hivyo iko kitu kidogo nakudai. Usikunje uso, ni haki yangu. Ulimwomba Ledama msamaha, akapokea. Mimi bado. Nilisimama kwenye foleni, na kabla zamu yangu haijafika Mugie akala. Kwa hivyo sijanyooshewa chochote, na kwa sheria yetu bado naweza kukukasirikia, na niko na talanta hiyo.

Njoo na zangu. Usizing'oe tena, mwache Dolphine akae, kata tu juu pale palipoota. Mkononi naomba konzi moja, nipokee kama mzee. Zilizobaki weka kwa gunia, lile kubwa la mahindi, na ulishindilie na huo mguu mzima.

Nthambi anapita hapo Alhamisi akirudi huku, njoo naye. Tafadhali isiwe Jumapili. Jumapili ni mbali.

Pakiteng' wako, mpaka leo,
Sankale